Mtoto Anaponyamaza: Somo kwa Vikundi Kuhusu Msaada wa Kwanza wa Moyo Shuleni



Katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, mbuzi wa maziwa na daftari la mwekahazina. Somo hili ni la namna nyingine. Tulipolitaja mara ya kwanza katika mkutano wa viongozi wa vikundi, mzee mmoja alituuliza waziwazi: "Kwani hiyo si kazi ya walimu?" Ni swali zuri na tutalijibu. Lakini kwanza tuanze na igizo, kama ilivyo kawaida yetu.

Watu wawili wajitokeze. Mmoja awe mama, mwingine awe jirani yake. Wanakutana njiani kutoka sokoni. Wengine watazame bila kucheka (tunajua mtacheka).

JIRANI: Mama, hawajambo watoto?

MAMA: Hawajambo. Ila huyu wa pili amenishinda.

JIRANI: Amefanya nini tena?

MAMA: Hafanyi. Hiyo ndiyo shida. Zamani ungesikia kelele zake kutoka kisimani. Sasa anakaa tu. Ukimwuliza, "hakuna kitu." Ugali anaugusagusa, basi. Shuleni wanasema analala darasani.

JIRANI: Ni uvivu huo. Mchape kidogo.

MAMA: Baba yake alimchapa. Mwalimu naye alimchapa.

JIRANI: Basi amerogwa. Ama ndio wazimu unaanza. Si unajua ule ukoo wa baba yake...

(Mama ananyamaza. Wanaachana.)

Igizo liishie hapo. Msiongeze mwisho mzuri. Anayeongoza aulize: Ni nani katika igizo hili amekaa na mtoto mpaka mtoto akasema? Na mama, kwa nini alinyamaza? Zungumzeni kwa dakika kama 15 kabla ya kuendelea kusoma.

Tulipofanya igizo hili na kikundi kimoja cha akina mama, majibu yalikuwa mengi. Wengine walisema mama ameona aibu, wengine walisema amekasirika. Kisha nyanya mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasema, "Amenyamaza kwa sababu sasa hata yeye hana wa kumwambia." Tangu siku hiyo tunapofundisha somo hili tunaanza na maneno yake, maana yanaonyesha kwamba katika igizo kuna watu wawili walionyamazishwa, si mmoja.

Jina la shida hii

Ukitaja "afya ya akili" kijijini, watu wengi wanafikiria mtu anayetembea uchi sokoni, au wanafikiria Mathari. Kwa hiyo mzazi akiambiwa mtoto wake ana shida ya akili, anasikia kama amehukumiwa, na atamficha mtoto. Sisi tumejifunza kutumia maneno ambayo watu wenyewe wanatumia: moyo mzito, kuwaza sana, kukosa usingizi, kukosa raha. Hakuna mama anayekataa kwamba mtoto anaweza kuwa na moyo mzito. Ameona.

Na si watoto wachache. Mwaka wa 2022 ilitolewa ripoti ya uchunguzi wa taifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa Kenya wenye umri wa miaka 10 hadi 17. Ilionyesha kwamba kijana mmoja katika kila wanane alikuwa na shida inayotosha kuitwa ugonjwa kwa vipimo vya madaktari, kama vile huzuni inayodumu au wasiwasi unaomzuia kuishi kawaida. Wenye shida ndogo kuliko hiyo walikuwa wengi zaidi. Hebu hesabuni: katika darasa la watoto 48, hao ni sita. Sita katika darasa moja, na mwalimu ana madarasa mengine.

Sasa tumjibu yule mzee. Ni kweli, walimu wana sehemu yao. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 serikali imekuwa ikiambiwa kwamba kila shule iwe na mwalimu wa ushauri nasaha, na shule nyingi zinaye. Lakini mwalimu huyo anafundisha masomo kama wengine, anasahihisha vitabu, na mara nyingi yeye huyohuyo ndiye mwalimu wa nidhamu. Mtoto ataendaje kumweleza siri mtu aliyemwadhibu jana? Madaktari wa akili nao ni wachache na wengi wao wako mijini. Tukiwangoja wao tu, tutangoja wakati mtoto wa igizo anaacha shule.

Watu wa kawaida wanaweza?

Wanaweza. Tuna mifano miwili ambayo imepimwa na wataalamu, si hadithi tu.

Wa kwanza unatoka Zimbabwe. Mwaka wa 2006 daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alitaka kusaidia watu wa mtaa wa Mbare mjini Harare, ambako mwaka mmoja nyuma nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa na serikali. Hakupewa wauguzi, walikuwa na kazi nyingi. Hakupewa chumba katika kliniki. Alichopata ni nyanya 14 waliokuwa wakijitolea kazi za afya pale mtaani, na nafasi nje chini ya miti. Basi akawafundisha nyanya hao, na benchi likawekwa nje. Mtu anaketi na nyanya, anaeleza, wanachagua shida moja ya kuanza nayo. Hawakutumia majina ya kizungu ya magonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Je, si hilo hilo neno letu la kuwaza sana? Mwaka wa 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Shirika la Shamiri, ambalo jina lake ni neno letu la Kiswahili lenye maana ya kusitawi, lilichukua vijana waliomaliza sekondari, likawafundisha kwa muda mfupi tu, kisha vijana hao wakaongoza vikundi vidogo vya wanafunzi wa sekondari huko Nairobi na Kiambu. Walikutana mara nne, mara moja kwa wiki. Walizungumza juu ya kushukuru, juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini, na kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika. Utafiti wa wanafunzi 413 uliotangazwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na miezi saba baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Tunasema haya ili kikundi chenu kisidharau watu wake. Lakini angalieni neno "akawafundisha." Nyanya hawakuanza kazi kwa sababu ni nyanya. Huruma peke yake haitoshi, na mbele kidogo tutawaambia jinsi tulivyojifunza hilo kwa uchungu.

Tumchague nani?

Msimchague mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti. Wala msimchague mtu anayeongea vizuri kwenye harambee. Waulizeni watoto: ukiumia njiani kutoka shule, utakimbilia kwa nani? Majibu yatawashangaza. Mara nyingi tunasikia mpishi wa shule, bawabu, mama wa mandazi kando ya lango, mwalimu kijana wa chekechea. Mpishi wa shule hasa tunampenda sana kwa kazi hii. Yeye ndiye anayeona sahani iliyorudi imejaa.

Chagueni wawili au watatu kwa kila shule, wanaume na wanawake, maana msichana ana mambo ambayo hatamwambia mwanamume. Awe mtu asiyekunywa pombe kupita kiasi, na asiwe na habari ya kusumbua watoto. Akachukue cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Watu wengine wanaona cheti hicho ni matusi. Waambieni ni cha kuwalinda watoto na ni cha kumlinda yeye pia.

Kabla ya yote nendeni kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule. Msiingie shuleni kama wakaguzi. Tumeona kikundi kikifukuzwa langoni kwa sababu kilianza kwa kulaumu walimu, na kusema kweli tungekuwa walimu hao tungewafukuza pia.

Jumamosi tatu

Mafunzo yetu huchukua Jumamosi tatu, katika ukumbi wa kanisa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Yanafuata mambo matatu ambayo Shirika la Afya Duniani na wenzake waliyaandika katika mwongozo wa mwaka wa 2011: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Sisi tunaita macho, masikio na miguu.

Jumamosi ya macho tunajifunza kuona bila kuhukumu. Kila mmoja anafikiria mtoto anayemjua, bila kumtaja, na anaeleza alichokiona. Ukisema "ni mvivu," tunakurudisha. Uvivu hauonekani. "Amelala darasani mara tatu wiki hii," hicho umekiona. "Ana kiburi," hapana. "Ukimsalimu anatazama chini na hajibu," ndiyo. Zoezi hili ni gumu kuliko watu wanavyodhani.

Tunaangalia zaidi mabadiliko. Mtoto mkimya tangu kuzaliwa si lazima awe na shida. Lakini aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, aliyekuwa mpole akaanza kupigana, aliyekuwa wa tano akawa wa thelathini, mkubwa aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayelalamika kila asubuhi juu ya tumbo au kichwa na zahanati haioni ugonjwa, anayegawa vitu vyake bure, hao tuwatazame. Na tusisahau mambo ya kawaida. Mwingine analala darasani kwa sababu hakula tangu jana. Mwingine haoni ubao. Msichana anayekosa shule siku tatu nne kila mwezi labda anakosa sodo tu, na kikundi kinaweza kumaliza shida hiyo wiki hii hii. Mtoto mwenye joto kali aliyechanganyikiwa ghafla, au aliyeanguka kifafa, huyo si wa kukalishwa na kuulizwa habari za moyo. Ni wa hospitali, sasa hivi.

Jumamosi ya masikio ndiyo tunayoipenda na ndiyo inayowatoa watu jasho. Kila msikilizaji anashika punje kumi za mahindi. Mwenzake anamweleza shida ya kweli, ndogo. Kila mara msikilizaji anapotoa shauri, anapokatiza, au anaposema "hata mimi mwaka fulani...", anaweka punje moja chini. Wengi humaliza punje zote kabla ya dakika tano. Wazee wa kanisa ndio wa kwanza kuzimaliza, na waandishi wa somo hili si bora kuliko wao.

Hapo tunawakumbusha marafiki wa Ayubu. Walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa mno. Mpaka hapo walikuwa wasikilizaji wazuri. Kosa lao lilianza walipofungua midomo kueleza sababu.

Kwa hiyo, badala ya "Una shida gani wewe?", jaribuni: "Siku hizi nakuona uko kimya. Sina haraka, tukae tu." Badala ya "Usilie," mwacheni alie na mpeni leso. Msimwambie kwamba kuna watoto wenye shida kuliko yeye. Msimwambie Mungu ana sababu yake. Labda anayo, lakini mtoto aliyefiwa na mama juzi akisikia hivyo anaelewa kwamba Mungu ndiye aliyemnyang'anya.

Jambo lingine la Jumamosi hii: andaeni chai na mtu wa kukaa nao pembeni, kwa sababu baadhi ya wanaofundishwa watalia wao wenyewe. Baba mmoja mwenye wajukuu alitoka nje katikati ya zoezi. Aliporudi alisema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari ya siku alipotolewa shule, na imepita miaka arobaini. Msikilizaji naye anahitaji kusikilizwa. Ndiyo maana wasikilizaji wetu hukutana kila wiki mbili na muuguzi au mwalimu mwenye ujuzi, na asiyeweza kuhudhuria tunamwomba apumzike.

Simameni hapa. Fanyeni zoezi la punje sasa, wawili wawili, kabla ya kusoma kosa letu.

Kosa letu

Katika mafunzo yetu ya kwanza tulikuwa na mama mmoja hodari sana. Watoto walimpenda. Msichana wa darasa la saba alimweleza jambo zito lililokuwa likitokea nyumbani kwao. Mama huyo hakulala. Jumapili, katika mkutano wa maombi, aliomba kwa machozi: Bwana mkumbuke msichana fulani, Bwana umguse baba yake aache pombe, Bwana uponye nyumba ile. Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja, kijiji ni kidogo. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika nyumbani kwa msichana.

Alipigwa. Aliacha kuja shuleni wiki tatu. Aliporudi hakuzungumza na msikilizaji yeyote, na rafiki zake wote walijua kwamba ukiongea na wale akina mama, utaombewa hadharani. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla mtoto mwingine wa shule ile kuja kwetu.

Yule mama hakuwa msengenyaji. Aliomba kwa sababu alipenda. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu katika siku zote tatu hatukusema hata mara moja kwamba ombi la hadharani linaweza kufichua siri kama umbeya unavyofichua. Tulidhani watu wanajua. Tulikwenda kwa msichana na mama yake kuomba msamaha. Mama alitupokea. Msichana alibaki jikoni.

Tangu wakati huo hakuna anayemaliza mafunzo bila kusema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wenzake: sitalipeleka neno la mtoto kanisani, wala kwenye kikundi, wala kwa mume wangu au mke wangu. Ukitaka kuomba, omba chumbani mlango ukiwa umefungwa. Daftari letu la mikutano haliandikwi jina la mtoto wala la mzazi.

Siri ambayo haiwekwi

Lakini tahadhari. Kuna mambo ambayo hatuwezi kuyaweka siri, na mtoto aambiwe hivyo mwanzoni kabla hajaanza kusema, si baadaye. Tunawafundisha waseme hivi: "Utakayoniambia sitayatangaza. Lakini nikisikia kwamba kuna mtu anakuumiza, au kwamba unataka kujiumiza, lazima nimwambie mtu mmoja anayeweza kusaidia. Nitakwambia kwanza ni nani."

Mtoto akiwa ananajisiwa au kupigwa vibaya, hiyo si shida ya moyo peke yake, ni uhalifu. Msikilizaji hamhoji mtoto tena na tena, wala hamwiti mkosaji "tuzungumze kama ndugu." Hapa tunawaomba wazee wetu watusikie: mbuzi wawili na mkutano wa koo mbili haviponyi kitu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 haijaweka nafasi ya mbuzi. Mpelekeni mtoto hospitali siku ileile, ndani ya saa 72 ikiwezekana kwa sababu ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, asioge kwanza, nguo zake zifungwe kwa karatasi. Kisha polisi na afisa wa watoto. Simu ya bure ya watoto ni 116, usiku na mchana.

Na habari ya kutaka kufa. Watu wanaogopa kuuliza, wanadhani wakitaja watamtia mtoto wazo hilo. Sivyo. Kuuliza kwa upole, "Je, umewahi kufikiri kujiua?" humfungulia mlango. Akisema ndiyo, msimkaripie wala msimwambie ni dhambi. Asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Mtu mzima wa nyumbani aambiwe, na siku hiyohiyo afike kituo cha afya.

Sasa angalieni nyumba zetu. Ni wangapi kati yetu tunaweka dawa ya kupulizia nyanya chini ya kitanda? Kijana anapokuwa katika saa mbaya, kinachoamua uhai wake mara nyingi ni kilicho karibu na mkono. Huko Sri Lanka, baada ya serikali kupiga marufuku dawa kali za shambani kuanzia miaka ya tisini, vifo vya kujiua vilipungua kwa karibu nusu kati ya 1996 na 2005. Watu hawakuacha kuwa na shida. Sumu kali ndiyo haikuwa tena karibu. Kikundi chenye mradi wa nyanya au kahawa kinaweza kununua sanduku moja la chuma lenye kufuli, funguo kwa mtu mmoja. Bei yake si kubwa kuliko ya jeneza.

Wazazi wengine walikuwa wakificha jambo hili kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Waambieni majirani. Mpelekeni mtoto hospitali bila woga.

Jumamosi ya miguu

Siku ya tatu tunachora ramani chini, kwa vijiti na mawe. Shule iko hapa. Zahanati iko wapi? Muuguzi anayewapokea watoto vizuri ni yupi? Afisa wa kliniki wa afya ya akili huja siku gani? Nauli ni ngapi? Hapo ndipo kikundi chote kinaingia, si wasikilizaji tu. Mama wa igizo akiambiwa "mpeleke hospitali ya kaunti," anarudi nyumbani na kukaa, kwa sababu hana nauli na hajui mlango wa kuingilia. Vikundi viwili vya kwetu vimetenga mfuko mdogo wa nauli kutoka kwa merigoraundi, na mtu mmoja wa kumsindikiza. Tuliona kwamba kusindikiza ni kazi kubwa kuliko nauli.

Mwalimu mkuu akubali mahali pa kukaa na watoto. Sisi tunapenda chini ya mti, mahali watu wanapoona lakini hawasikii. Kamwe si chumba kilichofungwa, wala nyumbani kwa msikilizaji. Na fimbo? Ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasema tena hivyo. Tunajua bado iko, shuleni na kwetu nyumbani. Zungumzeni na mwalimu kwa heshima, na mzungumze wenyewe kwa wenyewe kwa ukali zaidi.

Watu wengine wanatuuliza kama tunabadilisha maombi kwa mambo ya kizungu. Tunawaambia wasome tena habari ya Elia alipokimbia jangwani akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Mazungumzo yalikuja siku nyingi baadaye. Nasi tunaanza na uji, halafu tunaona.

Kabla ya kufunga mkutano, kikundi kiamue jambo moja: likizo itakuwaje? Aprili, Agosti, na tena mwisho wa mwaka shule hufungwa, na mtoto aliyezoea kusikilizwa chini ya mti anabaki na nyumba ileile iliyompa moyo mzito. Sisi tulichelewa kulifikiria jambo hili. Mpishi mmoja wa shule ndiye aliyetuonyesha. Siku ya kufunga muhula aliwaambia watoto wakati wa kugawa githeri kwamba likizoni atakuwa akichota maji kisimani kila Jumatano asubuhi, na kwamba haendi haraka. Jumatano ya kwanza hakuja mtu. Ya pili walikuja wawili, kila mmoja na mtungi wake.